Mama Mlangoni

Ndugu na majirani mliokuja kulia nasi, mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mlangoni, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa seremala, na kwa maelezo ya dada yake hata kutambaa hakutambaa, alisimama akaenda zake.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1965, akabatizwa hukohuko, na Januari 1970 akaajiriwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, kazi aliyoifanya akiwa wima hadi alipostaafu mwaka 2006, maana kiti alichopewa alikigeuza cha kuwekea mashuka. Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa mabinti wawili na kitindamimba wa kiume, ambaye Agosti 2004, baada ya kugombana na baba, alibeba begi akaondoka, na hadi leo hatujui alipo.

Hapo ndipo jina lilipotoka, kwani kila jioni mama alipiga magoti, akiamini kabisa kwamba Yesu aliyeiamuru dhoruba ikatulia hashindwi kumrudisha mtoto mmoja nyumbani, na akishasema amina, huyo mbio mlangoni kutazama barabara. Baba, hadi anafariki mwaka 2011, alimtania kwamba miguu yake haijaokoka, na mchungaji alipomsihi atulie kama mtu mwenye imani, mama alimuuliza, tena mbele za watu, kama yeye akipiga hodi huondoka kabla hajafunguliwa.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, miguu ikavimba, akawa anatutuma sisi mabinti tukatazame, nasi tulikwenda, tukarudi tukiogopa kumtazama usoni, na ilituuma sana. Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni 2025, alisali, akasema amina, akatutuma, na tuliporudi alikuwa ameshakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumba cha kufulia waliotuletea mashuka waliyoyapiga pasi wenyewe, na majirani ambao leo, tulipomaliza sala ya asubuhi, walitukuta sote nje, tukitazama barabara, wala hakuna aliyekuwa ametutuma.

Mama, pumzika kwa amani, mlangoni tumesimama sisi.