Mzee Vedasto na Daraja la Korongo

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, majirani mlioalikwa na nyinyi mlioletwa na harufu ya mbuzi: karibuni sana.

KARIBU KWETU

Sisi ni wakulima wa upande wa Karatu na wafugaji wa upande wa Ngorongoro. Katikati yetu kuna korongo moja. Tunakushukuru kwa kuacha gari kule juu ukatembea, kwa sababu daraja letu ni la miguu, kwato na toroli.

HISTORIA

Mzee Vedasto ni fundi mawe. Kwa miaka ishirini na mbili alijenga hoteli za watalii, na kuta zake zimepigwa picha nyingi kuliko yeye mwenyewe. Alistaafu akiapa kwamba hatashika nyundo tena.

Masika ya mwaka juzi, Sinyati, mke wa mfugaji Supeet, alishikwa na uchungu akiwa njiani kuja zahanati, ambayo iko upande huu wa Karatu. Korongo lilikuwa limejaa. Akajifungulia ng'ambo, chini ya mwavuli, mikononi mwa mama mkwe wake. Mzee Vedasto alikuwa amesimama huku na kamba ambayo kila alipoirusha haikufika. Mama na mtoto walisalimika, lakini mzee alirudi nyumbani asiguse chakula. Mkewe, Mama Leonida, akamuuliza kulikoni.

"Nimewajengea wageni mabafu ya mawe," alisema. "Jirani yangu sijamjengea hata ngazi."

Kesho yake akaanza kuchonga mawe peke yake. Tukiri mbele yako, mgeni rasmi, kwamba kwa wiki mbili tulidhani anajenga banda la nguruwe, na tukamshauri kuhusu madirisha.

MAFANIKIO

Tulipoelewa tuliona aibu, tukaja na makoleo. Mawe na mchanga vilitoka humo humo korongoni. Magogo ya mikaratusi ya kushikilia upinde wa daraja mpaka saruji ikauke yalitoka shambani kwa Mama Leonida, na punda wakatoka kwa Supeet. Punda mmoja aligoma siku ya tatu na mpaka leo hajaripoti kazini. Kitu tulichonunua ni saruji tu. Mzee alikataa mawe yetu mengi mno, hata rundo la yaliyokataliwa likatosha kujenga choo cha shule.

Siku ya kuondoa magogo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga. Mzee Vedasto akabeba kigoda mpaka katikati ya daraja, akaketi. Mama Leonida akamsihi atoke. Mzee akaagiza chai. Mama akachukua birika, akampelekea, kisha akaketi naye. Supeet alipoona upinde haujapata hata ufa, akavusha fahali wake. Sisi wengine tulipita mbio, halafu tukasema hatukuogopa.

CHANGAMOTO

Masika haya kina mama zetu watano wamevuka bila kulowa. Wawili kati yao walifika zahanati wakakuta kufuli. Muuguzi ni mmoja, vijiji ni vitatu, na hatumlaumu. Zamani tulililaumu korongo. Sasa hatuna wa kumlaumu, na hilo linatunyima raha.

MAOMBI

Tunaomba mhandisi aje alikague daraja. Mzee Vedasto ameahidi kumsikiliza, ingawa hakuahidi kukubaliana naye.

Ombi letu kubwa ni mkunga. Tafadhali usihangaike na nyumba yake, tumeshaijenga: ya mawe, vyumba viwili na jiko, na bati limeshapigwa. Umebaki mlango. Tulipomuuliza mzee mbona hauweki, alisema hawezi kukata mbao kabla hajajua urefu wa atakayeingia. Yuko pale benchi la tatu na futi kamba mfukoni. Ukimaliza kuhutubia, tunaomba umtajie kipimo.

Mungu akusindikize katika vumbi hili hadi ufike salama, na akurudishe kwetu ukiwa umeongozana na mtu.

Ni sisi, Kikundi cha Mawe Yetu, pande zote mbili za korongo.
Imesomwa na Brigita, katibu.