Tecla Nduwayo, Aliyetufundisha Kupuliza

Marehemu Tecla Nduwayo alizaliwa Keza, wilayani Ngara, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tano wa Mzee Anatoli Nduwayo na Mama Suzana. Alizaliwa njiani, mama yake akitoka kuchanja kuni, na nyumbani wakasema mtoto huyu ana haraka zake. Hawakukosea.

Alimaliza shule ya msingi Keza mwaka 1976, akasoma sekondari Rulenge, kisha akapata mafunzo ya maabara Mwanza. Mwalimu mmoja alimwandikia kwenye ripoti: “Ana akili, ila maswali yake yanachosha.” Aliitunza ripoti ile pamoja na vyeti vyake.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, na huko ndiko alikompata Renatus, mkulima wa Biharamulo. Bwana huyu alikuja kupimwa malaria mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote hakuwa nayo. Walifunga ndoa Rulenge tarehe 9 Julai 1988.

Kazi iliyompa jina ilikuja mwaka 2016. Wataalamu wa mradi mmoja wa utafiti walileta kipimo cha wadudu wa vidonda vya tumbo: mgonjwa anakunywa dawa, anasubiri nusu saa, kisha anapuliza pumzi kwenye mfuko kwa mrija. Kaka yake, Novatus, alikuwa amekonda hadi mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Alikwisha kuwagawia wanawe migomba na kuonyesha pa kuzikwa. Majibu yake yakatoka kwamba hana wadudu, maana yake ni ugonjwa mwingine usio na dawa, na ndugu wakaanza kulia kabla ya msiba. Tecla aliyakataa majibu hayo, akamfuata kaka yake nyumbani.

“Shikamoo kaka. Siku ile ulipulizaje?”

“Marahaba. Kupuliza? Mrija unavutwa, mdogo wangu! Nilivuta, hamna kitu. Mtaalamu akanifokea, nikapuliza kidogo kwa mashavu, yaishe.”

Tecla alicheka hadi akakaa chini. Huku kwetu mrija ni wa pombe ya ndizi, nani amewahi kuupuliza? Alipouliza wengine, karibu wazee wote walikuwa wamefanya vilevile. Mifuko ilijaa hewa ya mdomoni, wakati habari za tumboni hupitia kwenye damu na kutokea chini kabisa ya mapafu. Akawaambia wataalamu bila kupepesa macho kwamba mashine haina kosa, kosa ni namna pumzi ilivyochukuliwa. Wiki nzima aliwapanga wazee kwenye benchi akiwafundisha.

“Ya mwanzo waachieni nzi,” aliwaambia. “Mfukoni nipeni ya mwisho, mpaka tumbo lishikane na mgongo!”

Benchi lile lilikuwa na vicheko kuliko harusi. Novatus alipimwa upya, wadudu wakaonekana, akameza dawa wiki mbili. Krismasi ile alikula maharage yenye pilipili, akaomba na mengine.

Tecla alistaafu mwaka 2022. Juni 2024 alianza kusumbuliwa na moyo. Hata wodini hakuacha utani, muuguzi alipomuuliza kama anaumia, alijibu, “Naumia, ila uji wenu ndio unaonimaliza.” Alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, Renatus akiwa amemshika mkono. Tumelia, na tutalia tena.

Ameacha mume, watoto watatu, Philbert, Generoza na Joan, na wajukuu saba. Ameacha pia kaka mmoja, Novatus, mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye kwa majibu ya kwanza angekuwa amelala kaburini miaka minane sasa. Badala yake amesimama hapa mbele yenu, na ndiye anayewasomea karatasi hii.

Asante, mdogo wangu. Bwana akupokee, upumzike katika amani yake.