Theresia Alfonsi na Siku ya Kumi na Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Theresia Alfonsi anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika tawi la Lindi la kampuni yetu ya bima. Aliajiriwa mwaka 1997 kama mpiga chapa, akahamia dawati la madai ya magari, na hapo akabaki. Aliwahi kurudisha fomu ya ajali mara tatu kwa sababu mchoro ulionyesha ng'ombe mkubwa kuliko basi.

Wateja wengi hudhani bima ni mchango: umetoa, basi uchukue. Bi Theresia aliwaeleza kwa subira. Asiyedai mwaka mzima hupunguziwa ada anapokata bima upya. Akidai, punguzo huondoka. Madai yakifuatana, ada hupanda, kwa kuwa kampuni humwona ni mtu atakayedai tena.

Abilahi Shamte wa Mchinga alikuja siku nazi ilipopasua kioo cha mbele cha haisi yake ya abiria. Alikuwa na miaka minne bila dai. Bi Theresia alimwonyesha kwamba kioo ni nafuu kuliko punguzo atakalopoteza, akamshauri asidai.

“Dada Theresia, miaka minne nalipa, leo kioo kimoja mnanifanyia choyo?”

Alinunua kioo mwenyewe, akanuna.

Miaka miwili baadaye, Abilahi alipokuwa akimkwepa mbuzi, haisi yake ilipinduka mtaroni. Ilikuwa tupu, na yeye akatoka na michubuko tu. Hakumwambia mtu. Gari lile ndilo lililolisha nyumba yake, lakini aliona heri kusubiri fedha za korosho alitengeneze kuliko kuharibu punguzo la miaka sita. Mkataba wetu unatoa siku kumi na nne za kuripoti ajali. Siku ya kumi na tatu, Bi Theresia alisikia habari hiyo kwa madereva stendi, akapanda gari la kwanza kwenda Mchinga na fomu mkobani. Alikuta haisi nyuma ya nyumba, imefunikwa makuti.

“Kaka Abilahi, kosa ni langu,” alimwambia. “Nilikufundisha kuogopa kudai. Sikukufundisha kupima.”

Waliijaza fomu palepale, juu ya kiti kilichong'olewa. Matengenezo yale yangemeza punguzo la miaka kumi na zaidi. Kampuni ililipa, gari likarudi barabarani. Ada ilipanda kweli, na Abilahi alilalamika kweli.

Tangu hapo Bi Theresia hakumwamulia mteja. Aliandika gharama ya matengenezo upande mmoja, nyongeza ya ada ya miaka ijayo upande wa pili, akamwachia mwenyewe atazame. Kuripoti ajali, alisisitiza, ni lazima hata kwa asiyedai. Leo tawi zima linafanya hivyo, na vijana wanadhani ni utaratibu wa makao makuu.

Si utaratibu wa makao makuu. Ni wa mtu mmoja aliyesafiri hadi uani kwa mteja kukiri kwamba ushauri wake ulikuwa nusu.

Dada Theresia, asante. Tunakuombea afya njema, ufuta uzae shambani kwako Mitole, na ufurahie mapumziko uliyoyachumia jasho.