Bwana Ausi Majaliwa, Karani wa Habari za Bahari

Tarehe 31 Machi 1956, baada ya utumishi wa miaka thelathini, Bwana Ausi Majaliwa, karani mkuu wa simu hapa Bagamoyo, anastaafu. Mimi Hija, fundi wa laini, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida letu. Nilikataa, nikaambiwa hakuna mwingine aliyekaa naye karibu hivyo. Haya basi, akiona nimemchongea asimlaumu mtu.

Ni mzaliwa wa hapa hapa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Alianza kazi mwaka 1926 akiwa tarishi wa kupeleka simu za maandishi majumbani, na kila alipobisha hodi watu walianza kulia kabla hajafungua mdomo, maana siku hizo simu ilikuwa ya kifo tu. Akajifunza nukta na vistari kwa kumkalia karani wa zamani ubavuni mpaka mzee wa watu akachoka kumfukuza. Mkewe, Bi Mwanamvua, husema mpaka leo bwana huyu akilala vidole vyake vinagonga mto, naye hajui anampelekea nani salamu.

Lakini jina lake limejengwa na bahari. Wasomaji vijana waelewe jambo moja. Ardhi ikitetemeka chini ya bahari huko mbali, upande wa Bara Hindi, maji huinuka na kusafiri hata yakatufikia sisi tusiosikia kitu. Makarani wa simu wa pwani hizi zote, huko ng'ambo, Aden, Unguja na Dar es Salaam, walikuwa na mapatano yao: anayeona bahari imefanya vituko amgongee mwenzake wa mbele, naye amgongee wa mbele yake. Hawakuwahi kuonana. Hawakuwa na dini moja wala serikali moja. Ila habari ilikimbia kwenye waya, na wimbi likiwa bado njiani sisi tumekwisha kujua. Waya wetu ndio uliokuwa wa mwisho katika msururu huo, na Bwana Ausi ndiye aliyekuwa sikio lake.

Mwaka mmoja baada ya vita ililetwa simu ya namna hiyo. Bwana Ausi akaomba ruhusa, mbiu ikapigwa, mji mzima ukakimbilia juu. Samaki waliachwa mchangani, kunguru wakafanya karamu. Tukakaa huko juu na jua letu la utosi. Bahari ikapanda kidogo, ikalowesha miguu ya kuku, ikarudi zake.

Lo! Alichekwa huyu mtu! Wakamwita Bwana Gharika. Watoto walimwimbia njiani. Bi Mwanamvua akienda kununua samaki anaulizwa atampikia mumewe leo au atangoja gharika ipite. Nahodha Mbaruku, mwenye wavu wa juya mkubwa kuliko wote, aliapa kwamba safari nyingine ataondoka ufukweni maji yakimfika shingoni. Bwana Ausi alicheka nao, lakini ofisini nilimwona anavyokosa raha. Aliniambia wazi kwamba kicheko hakimuumi. Kinachomuuma ni kwamba siku bahari itakapokuja kweli, ataita na hawatakuja.

Na siku hiyo ikafika. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa mbali kabisa. Wanaume wanakokota majuya, wanawake wametawanyika kwenye maji mafupi wakitanda uduvi kwa nguo. Simu ikasema bahari imevunja nyumba huko kaskazini na inateremka kwetu, tuitazamie kabla ya adhuhuri. Mbiu ikapigwa. Hakugeuka mtu. Bwana Ausi akashuka mwenyewe ufukweni, akavua kofia, akawaomba. Nahodha Mbaruku akamjibu kwa adabu zake zote kwamba shikamoo ya bahari wameshaipokea mara moja na inatosha, yeye arudi ofisini akapumzike. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nasema kweli, machozi yalimlenga mtu mzima yule mbele ya watu.

Sasa, mama yake, Bi Mgeni, alikuwa akikaa kwenye nyumba ya udongo nyuma ya soko la samaki, miguu haimbebi. Bwana Ausi akaona kama hawezi kuwaokoa wengine, basi walau amwondoe mama. Akatuita mafundi wa laini wanne tumbebe na kitanda chake cha kamba mpaka kwa mjomba wa Bwana Ausi, kule juu kwenye mashamba. Nilishika mguu wa mbele. Jua lilikuwa kali, na Bi Mgeni alikuwa akiona haya kupitishwa sokoni kama biharusi, akajifunika kanga gubigubi. Sisi tulinyamaza kwa sababu bibi alikuwa mzito, Mungu ampe afya.

Tulipopita chuo cha Kurani, Maalim Mwinyimvua akatuona. Kitanda, kanga, wanaume wanne wameinamisha vichwa, na mwanawe Bi Mgeni nyuma yao macho mekundu. Maalim hakuuliza. Alikuja mbio akatia bega, akaanza kuleta tahlili, kama anavyosindikizwa maiti. Nani wa pwani hii anayesikia tahlili akaendelea na shughuli zake? Juya likaachwa majini. Nahodha Mbaruku mwenyewe alifika anahema, akanipokonya mguu wangu wa kitanda apate thawabu. Wanawake wakajifunga kanga, wakaacha uduvi wao, wakaja nyuma wakilia. Kufumba na kufumbua, ufukweni hakubaki mtu.

Bwana Ausi alifungua mdomo awaeleze. Akatazama nyuma, akauona mchanga mtupu, akaufunga. Akainama kwenye kanga akamnong'oneza mama yake amstahamilie mpaka juu. Bi Mgeni akastahamili. Alitikisika kidogo tu pale Mbaruku alipoanza kumsifu kwamba hakuwa na mdomo mchafu.

Tukafika kwa mjomba, kitanda kikatuliwa, maji ya kuoshea maiti yakaletwa. Hapo Bi Mgeni akakaa kitako, akauliza ni nani aliyekuwa akilia kwa sauti mbaya vile, au ni jirani yake Mize, ambaye tangu Ramadhani hajaja kumjulia hali. Wako waliozimia. Wako walioruka ua. Maalim alighadhibika hata kilemba kikamfunguka, na Mbaruku akamkunja shati Bwana Ausi. Bado amemshika hivyo hivyo, tukasikia bahari.

Ilikuja ikapanda mpaka sokoni na kupita. Ilichukua ngalawa, mabanda, na nyumba ya Bi Mgeni yote mpaka mlango. Hakufa mtu. Mbaruku aliliachia lile shati polepole, akalinyoosha kwa viganja vyake.

Bwana Ausi alikwenda kwa Maalim kuomba radhi, akaambiwa hakusema uongo kwa ulimi wake, ila amchinjie mama yake mbuzi, maana watu wamekwisha kumlilia. Baadaye akasimika mti wa kupimia maji hapo pwani, na tangu hapo sisi nasi tunapeleka habari zetu kila siku Unguja, wao wazisambaze kwa wengine. Sasa waya wetu unasema pia, hausikilizi tu.

Na hapa ndipo penye shida. Bwana Ausi amejenga nyumba Makurunge, kule bara, anataka kuhamia huko na familia yake. Lakini tangu siku ile, mtu huyu akionekana amebeba hata mkeka, watu hufunga maduka. Juzi alitoa godoro nje alianike, nusu ya soko ikawa njiani kwenda juu, Mbaruku mbele yao.

Kwa hiyo jarida hili linawatangazia wote: Jumamosi hii Bwana Ausi anahama tu. Mafundi wa laini tutambeba Bi Mgeni kwa kitanda kile kile, naye amesema safari hii hatajifunika uso. Tafadhali msikimbie, msilie, njooni mtie bega.

Mzee wetu, ahsante kwa kuona haya ya kuchekwa ukaimeza, ukatuita mara ya pili. Nenda kalime, ule jasho lako kwa amani. Nimegonga stesheni zote leo asubuhi kukuulizia njia, na zote zimejibu: bahari ni shwari.