Kikombe Juu ya Stesheni ya Bi Sabra

Wasikilizaji wapendwa, mkinisikia nawasalimu kwa sauti kavu leo, mniwie radhi. Naitwa Upendo, mnanifahamu, lakini leo msilitegemee sana hilo jina. Nimeingia studio na hasira zangu, na fundi mitambo ameshaniambia nipunguze. Sipunguzi.

Amefariki Bi Sabra binti Mustafa wa Mikindani. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, akazikwa siku ileile baada ya alasiri. Alikuwa mpiga picha. Wengi wenu mnaonisikiliza, picha zenu za vitambulisho amepiga yeye, na za harusi zenu amepiga yeye, na alikuwa akiwafokea mnyanyue kidevu. Lakini leo simzungumzii Bi Sabra wa harusi. Namzungumzia Bi Sabra wa reli.

Ndiyo, nimesema reli. Najua kuna mtu hapo anacheka, Mtwara reli imetoka wapi. Muulize babu yako. Reli ilikuwepo, enzi za Mwingereza na karanga zake, kutoka bandarini hapa kwenda Nachingwea. Ikang'olewa. Vyuma vikang'olewa, mataruma yakang'olewa, na sisi tukabaki tunahadithiana.

Sasa mwaka tisini na tatu, fundi umeme mmoja wa bandarini, Mzee Mathayo, mtu wa Tabora, akaanza kuijenga upya. Hakuijenga porini. Aliijenga juu ya meza, kwake Shangani. Reli ndogo, treni ndogo, stesheni ndogo. Baba yake alikuwa dereva wa treni kule kwao, na mwenyewe anasema, "Nilipohamishiwa Mtwara nikauliza stesheni iko wapi, watu wakanicheka mpaka nikaona aibu. Nikasema basi, nitaitengeneza mwenyewe."

Akapata wenzake. Akampata Elizabeti, muuguzi. Wakaja na wengine wawili. Kisha siku moja wakamwita Bi Sabra aje awapigie picha, ya kulipwa, apige aondoke. Hakuondoka. Aliinama kutazama kwenye kamera, akainuka, akawaambia, "Miti yenu mibaya. Huu mkorosho au mswaki?" Wiki iliyofuata akarudi na mikorosho aliyoitengeneza kwa dodoki, ameipaka rangi, majani mpaka mabibo mekundu. Ndivyo alivyoingia klabu.

Niwaeleze ile klabu ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Walikuwa watu watano, na meza zilikuwa tano. Kila mtu meza yake, na kila meza stesheni yake. Mathayo alikuwa na bandari ya Mtwara. Elizabeti alikuwa na Nachingwea. Bi Sabra alikuwa na Mikindani. Kila mtu aliitunza meza yake nyumbani kwake, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, popote. Jumamosi wanakutana Shangani, wanaunganisha meza, na reli inakuwepo. Mmoja akikosa, reli haipo. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, mmoja akikosa, reli haipo.

Vyuma vya reli ni mbavu za miavuli mibovu. Injini ni kopo la maziwa, na mota yake imetolewa kwenye redio kaseti. Moshi je? Moshi ni udi. Bi Sabra anaweka kipande cha kaa la moto na chembe ya udi ndani ya kopo, treni inapita Mikindani inanukia kama bibi harusi. Na walikuwa na sharti moja. Picha haipigwi mpaka treni itoke mwanzo ifike mwisho bila kuguswa na mkono wa mtu. Ikikwama ukaisukuma, hakuna picha. Wanaanza upya.

Eti kulikuwa na stesheni Mikindani, au treni ilipita tu? Waligombana hao miaka! Mathayo akisema hajaona ushahidi. Bi Sabra akimjibu, "Mie nilibebwa mabegani na baba yangu kuitazama ikisimama. Wewe ulikuwa Tabora unalamba asali. Unabisha nini?" Stesheni ikabaki.

Mwaka tisini na nane alipiga picha moja. Walizitoa meza nje asubuhi ili wapate mbingu ya kweli. Akalala kifudifudi juu ya benchi, baibui na kila kitu, kamera usawa wa reli. Treni ikaja ikifuka moshi, mikorosho pembeni, stesheni ya Mikindani mbele. Nimeiona hiyo picha. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, nilidhani ni ya zamani, ya treni ya kweli.

Na hapo ndipo mabwana wakubwa walipoitamani.

Mwaka elfu mbili na tatu kulikuwa na maonyesho hapa mjini. Ofisi iliyoyaandaa siitaji. Wenyewe wanajijua, na redio wanayo. Wakaenda kwa Bi Sabra, wakaazima ile picha. Wakaazima na meza yake ya Mikindani, wakisema ni ya siku tatu tu, mama, tutaileta wenyewe kwa gari. Mwanamke wa watu, mjane, akatoa. Unadhani walifanyaje? Picha wakaikuza ikawa bango kubwa kama ukuta, wakaandika juu yake, "Reli ya Kusini Inarudi". Hawakuandika kama ni meza. Hawakuandika jina la aliyeipiga. Na meza yenyewe wakaificha stoo, maana ingeonekana pale, uongo ungekufa asubuhi ileile.

Watu wakaamini, jamani! Kwa nini wasiamini? Kuna waliokimbilia kupanda miche ya mikorosho walipodhani itapita, ili walipwe fidia. Wengine wakaanza kuuziana viwanja vya karibu na stesheni. Bi Sabra akaenda siku ya pili kutazama, akasimama mbele ya bango. Binti yake, Mwaisha, alikuwa naye. Mwaisha anasema, "Mama alitaka kuondoka kimya kimya. Akasema, maofisa hao, niwaache. Tukageuka. Ndipo tukamkuta mama mmoja wa Naliendele analia."

Mama huyo alikuwa anaonyesha kichaka kwenye bango. Anasema nyumba yangu ipo hapo hapo, nyuma ya kichaka hicho, nimeijenga peke yangu, watakuja kuivunja nitakwenda wapi na wanangu. Analia kwelikweli. Na bwana mkubwa wa maonyesho amesimama pale na tai yake, anamwambia maendeleo yana gharama yake.

Bi Sabra akarudi. Akamshika yule mama mkono, akasema kwa sauti ya kupangia watu picha ya harusi, wote wakasikia:

"Shoga, nyamaza. Hicho kichaka ni dodoki la kuogea. Huo moshi ni udi. Na hiyo stesheni inalala chini ya kitanda changu. Hamuamini? Tazameni pale kwenye jukwaa la abiria, kushoto. Mnaona nini?"

Watu wakatazama. Alikuwepo sisimizi! Sisimizi wa kweli, alikatiza asubuhi ile ya picha, na kwa vile bango limekuzwa, alikuwa mkubwa kama mbuzi, amesimama anasubiri treni.

"Haya," akasema Bi Sabra, "huyo abiria ameshakata tiketi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Yule mama wa Naliendele akacheka na machozi yake usoni. Bango likashushwa kabla ya adhuhuri. Na bwana mkubwa akamwendea Bi Sabra akamwambia, nanukuu kama Mwaisha alivyonipa, "Mama, umetuharibia shughuli. Tutaona." Wakaona. Meza hawakurudisha.

Wasikilizaji wapendwa, meza ilikuwa yake. Aliiazimisha kwa siku tatu. Hawakurudisha. Aliambiwa njoo kesho. Aliambiwa mwenye ufunguo wa stoo amesafiri. Aliambiwa, mtu mzima mama, unahangaikia midoli? Midoli! Wakati mnaikuza ukutani mnatia watu kiwewe, haikuwa midoli?

Akaendelea kwenda. Mwaka wa pili wa kwenda na kurudi, wakamkaribisha ofisini akae asubiri. Mhudumu, kwa heshima zake, akamletea chai. Akamwekea kikombe juu ya meza yenye kitambaa cha maua. Bi Sabra akaona pembeni, chini ya kitambaa, kuna kitu kinachomoza. Akakigusa. Ubavu wa mwavuli. Akafunua kitambaa.

Stesheni wameibandua. Mikorosho wameing'oa, jukwaa wamelipiga randa, wamepigilia ubao bapa juu yake, na ubavuni wameandika namba ya ofisi kwa rangi nyeupe. Ilikuwa meza ya chai. Alipouliza, akajibiwa kwamba kitu chenye namba ni mali ya ofisi, na mali ya ofisi haitoki mpaka kikao. Hicho kikao hakijakaa mpaka leo ninapoongea nanyi.

Mwaisha anasema, "Alirudi nyumbani, akavua baibui, akakaa chini ukumbini. Nikamwuliza, umeipata mama? Akasema, nimeipata. Nimenyweshwa chai juu yake."

Wenzake wakataka wamjengee nyingine. Mathayo alishanunua mbao. Bi Sabra akakataa katakata. "Mkijenga nyingine," akawaambia, "ile itakuwa halali yao." Basi wakawa wanakutana hivyo hivyo, meza nne na pengo katikati. Treni inatoka bandarini, inafika ukingoni, inasimama. Mathayo anaibeba mkononi, anaivusha upande wa pili, inakwenda Nachingwea. Na sharti ni sharti. Mkono umegusa, hakuna picha. Tangu mwaka ule mpaka amekufa, Bi Sabra hakupiga tena picha ya ile reli. Hata moja.

Mzee Mathayo nimempigia simu jana. Mzee wa miaka ile analia kwenye simu. Akaniambia, "Alikuja mwezi uliopita, amekonda, kamera shingoni. Akaifuata treni kwa macho mpaka ukingoni. Nikamwambia, Bi Sabra, piga tu bwana, mimi nitauficha mkono. Akasema, 'Nimdanganye nani, Mathayo? Wewe, au mimi? Hiyo kazi tuwaachie wenyewe.'"

Hiyo kamera anayo Mwaisha. Ndani yake mna filamu aliyoitia mama yake siku hiyo. Haijapigwa.

Msinipigie simu kuniambia yapo makubwa zaidi ya meza. Najua yapo. Barabara mbovu najua, korosho najua. Lakini mtu aliyepora meza ya mjane kwa sababu alichekwa, huyo ndiye mnayemkabidhi na hayo makubwa. Na nyinyi mlioingia ofisi ile mkanywa chai, mkaona ubavu wa mwavuli umechomoza mkadhani ni pambo, kaeni mfikirie. Kila mmoja wetu atazame chini ya kitambaa chake, kuna kitu cha nani pale.

Kwa Mwaisha na ndugu zake, kwa jamaa wote wa Mikindani, poleni sana. Kwa Mzee Mathayo, kwa dada Elizabeti na klabu nzima, poleni. Mungu amrehemu Bi Sabra, amlaze mahali pema, na huko aliko akamkute baba yake ambebe tena mabegani.

Jumamosi hii ni hitima, Mikindani, nyumbani kwa marehemu. Baada ya dua, wenzake watapanga meza uani. Meza nne, na pengo. Mwaisha atakaa na kamera ya mama yake. Meza ya tano ikiletwa, haijalishi imepigwa randa, haijalishi haina mti hata mmoja. Mathayo ana mbavu za miavuli tayari, atatandika reli juu ya ubao huo huo, na ile namba yenu nyeupe mtaiona kwenye picha.

Sasa naongea na wewe, bwana mkubwa. Najua redio ya ofisini kwako huwa iko kwetu saa hizi, na najua ni saa ya chai. Ondoa kikombe. Futa ubao. Lete meza ya watu.