Jina la Thelathini na Nane

Kina mama, ndugu zangu wa hapa Kinoru, amani iwe kwenu. Mmezoea kuniona nikiongoza nyimbo. Leo sitaimba. Nimeomba dakika chache niseme jambo nililolifanya mimi, kwa kalamu yangu, na sitataja jina la mtu wala la shule.

Mnajua mimi ni mwalimu wa fizikia. Shule niliyofundisha wakati huo ni ya serikali, ya wasichana. Kulikuwa na darasa moja maalum la kidato cha tatu, la hesabu za juu, fizikia na kompyuta. Maabara ilikuwa na viti arobaini, basi nafasi ni arobaini. Wasichana walifanya mtihani, na mimi kama mkuu wa idara nikasahihisha na kuandika orodha. Mwalimu mkuu aliniamini. Alitia sahihi bila kuuliza.

Mwaka huo mtoto wa dada yangu alikuwa pale shuleni. Akawa wa arobaini na moja.

Dada alinipigia simu. "Wewe uko hapo ndani, mtoto wetu atakosaje?"

Nikaangalia orodha kutoka chini kwenda juu. Wa arobaini, baba yake ni daktari hapa mjini. Wa thelathini na tisa, mama yake yuko kwenye bodi ya shule. Wa thelathini na nane ni msichana wa Mbeere, kule chini Embu, kwa watu wa kufuga mbuzi na kulima ndengu. Nikajiambia, hawa hawatakuja kuuliza. Nikalifuta jina lake, la mpwa wangu likaingia.

Msichana mwenyewe alikuja siku majina yaliposomwa. "Mwalimu, nilipata ngapi?"

"Hukufika."

"Naweza kuona karatasi yangu?"

"Karatasi haziangaliwi."

Akasema asante. Kina mama, aliniambia asante!

Akapelekwa darasa lisilo na fizikia. Lakini kila mapumziko nilimwona nje ya dirisha la maabara, na daftari mkononi, akinakili yaliyobaki ubaoni. Ilinichoma. Unajua nilifanya nini? Nikaanza kufuta ubao kabla ya kengele. Mnanisikia? Mwalimu mzima, nafuta ubao ili mtoto asisome.

Wiki ya saba mama yake akaja. Alikuwa ametoka Mbeere alfajiri, akashuka gari pale Makutano, akaja kwa miguu akiulizia njia. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi yangu, ameshika kifuko cha ndengu.

"Hizi ni zako, mwalimu, kwa kutusomeshea watoto," akasema. "Sikuja kugombana. Mtoto anasema alifanya vizuri, wewe unasema hapana. Nataka nione karatasi tu. Kama ameanguka nimwambie ameanguka, akubali. Kama alipita, nijue."

Nikamwambia zimefungiwa stoo, aje Ijumaa.

"Ijumaa ni sawa. Nitakuja."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, ile Ijumaa nilijipa mwenyewe, nipate muda wa kuziharibu. Alhamisi saa sita mchana nikachukua bunda lote nikaenda nyuma ya jikoni, kwenye shimo la taka, moto unawaka. Sijui ni nini kilinifanya nitafute ya kwake kwanza. Swali la mwisho alikuwa amelijibu kwa njia ambayo sikuwafundisha, na jibu ni sahihi. Pembeni kuna maandishi mekundu: Vizuri sana. Mwandiko wangu.

Mpishi akaniita, "Mwalimu, leta nikuchomee."

Nilinyoosha mkono nimpe. Mkono ukakataa. Nikageuka na bunda langu hadi kwa mwalimu mkuu. "Nimeiba nafasi ya mtoto," nikamwambia.

Alilinganisha karatasi na orodha, hakuniangalia. Mwishowe akasema, "Kesho mama yake akija, utamwambia wewe. Si mimi."

Mama alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Nikampa karatasi, msichana amesimama kando yake. Yule mama alipitisha kidole kwenye alama, polepole. "Sasa hii ni kupita?"

"Ni kupita, mama. Mimi ndiye nilimtoa, nikaweka mtoto wa dada yangu."

Alikunja karatasi, akampa binti yake. Halafu akasema, "Kusamehe nitakusamehe. Lakini hizi wiki saba za mtoto wangu, utazirudisha namna gani?"

Msichana aliingia darasa lake, na wiki zile nilizirudisha kwa kumfundisha saa za chakula cha mchana, siku kwa siku. Mwanzoni msichana hakuniangalia usoni. Siku moja tukiwa kwenye somo la umeme akasahau kunikasirikia, akabishana na mimi mpaka kengele ikalia.

Nilivuliwa ukuu wa idara, nikapewa barua ya onyo. Mpwa wangu alitoka darasani akilia, na dada hakukanyaga kwangu mwaka mzima. Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakatika. Nilitaka kuacha ualimu. Wawili kati yenu hapa mlikuja kwangu, mkaketi, mkaomba na mimi bila kunidadisi. Asanteni. Namshukuru mwalimu mkuu aliyekataa kunificha. Na namshukuru mama wa Mbeere, ambaye binti yake alipata B ya fizikia na sasa anasomea uhandisi.

Wazazi, ulizeni karatasi za watoto wenu. Na walimu wenzangu, bandikeni orodha ukutani nje, kila mtu na alama zake, asubuhi watoto wote wakiona. Msiseme nyinyi ni waaminifu. Hata mimi niliaminiwa. Sisi tuna wapwa. Ukuta hauna mpwa.