Micah Muturi Waithaka, Fundi wa Makochi Aliyekataa Kuambiwa "Pumzika"

Micah Muturi Waithaka, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Sachangwan, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Waithaka na Mama Wangechi. Alipofika miaka sita, magoti na nyonga zilianza kuvimba. Daktari alisema ni ugonjwa wa viungo, hautapona, ila atauzoea. Ugonjwa ulimzoea yeye, yeye hakuuzoea. Na kilichomuuma kuliko magoti ni neno moja aliloambiwa na kila mtu aliyempenda: "Pumzika."

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1993, kisha sekondari huko Molo hadi 1997. Walimu walimhurumia kupita kiasi. Hakulima shamba la shule, hakuchota maji, na darasa zima likichapwa yeye aliambiwa akae chini apumzike. Wenzake walimwonea wivu. Siku moja alirudi nyumbani akilia kwamba amepiga kelele kuliko wote na hakuna aliyemgusa. Mama alimchapa kidogo, akanyamaza.

Mwaka wa 1999 mjomba wetu alimpa kazi katika duka lake la hardware mjini Nakuru. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mlangoni. Wateja walimsalimia kwa "pole" badala ya "sasa", na kiti alichopewa kilikuwa adui wa mgongo. Alikibeba hadi kwa jirani, Mzee Ogola, fundi wa makochi. Ogola hakumpa pole. Alimwonyesha kochi jipya akamwambia, "Kaa hapo. Ukisikia uchungu, niambie ni wapi."

Micah alisema ni nyonga ya kushoto. Ogola alibonyeza, akafungua mshono, akakuta sponji imekatwa vibaya. "Kesho kuja mapema," akasema. Tangu azaliwe, hakuna mtu aliyekuwa amehitaji maumivu ya Micah kwa kazi yoyote. Hakurudi dukani hata kuaga. Mjomba, tunajua uko hapa, tusamehe.

Alijifunza kukata kitambaa, kushona na kupigilia misumari, na mwaka wa 2003 alifungua karakana yake. Mlangoni aliandika: "Tunafungua magoti yakikubali." Asubuhi za baridi hayakukubali hadi saa nne, na wateja walingoja. Hakuuza kochi kabla hajalikalia mwenyewe, na likimuuma, lilifumuliwa.

Mwaka wa 2006 tulienda Rongai kumposea Micah mkewe, Joan Jebet. Baba yake alimtazama kijana akiingia na mkongojo, akauliza, "Lakini huyu, mbona anakaa mgonjwa?"

"Hapana, mzee," Micah akajibu kabla ya wazee wetu. "Nakaa London."

Sisi wa Nakuru tulicheka, maana London ni mtaa wetu. Mama mkwe hakucheka. Alielewa kwamba binti yake anapelekwa Ulaya. Siku ya harusi, tarehe 9 Desemba, alilia hadi kitambaa kikalowa, akampa Jebet sweta mbili nzito na akamwambia asisahau kuandika barua. Jebet aliporudi Jumamosi iliyofuata kuchukua maziwa ya mursik, mama alidhani ameachika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Waithaka na Jepkosgei.

Mwaka wa 2014 kanisa letu lilimwomba aweke matakia kwenye benchi zote. Baada ya Jumapili tatu Pasta Sitati alimwita pembeni. "Fundi, umenimalizia waumini. Wote wanalala. Si utoe sponji kidogo?" Micah alikataa, akashauri mahubiri ndiyo yapunguzwe. Yalipunguzwa, na tunaomba Pasta akumbuke makubaliano hayo leo.

Januari mwaka huu wa 2025 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa Nakuru. Hata huko alilalamikia kiti cha wageni, akamtuma Jebet alete sindano na uzi. Muuguzi alimkuta akishona na dripu mkononi. "Mzee, si upumzike?" Micah alimwambia, "Madam, wewe kalia hii kwanza, halafu tuongee." Madam alikikalia, na hakuinuka haraka. Alituaga tarehe 2 Machi, alfajiri, mkewe akiwa kwenye kiti hicho. Kabla ya hapo alikuwa ametuonya kwamba atakayeandika "apumzike" katika wasifu wake, wataonana.

Ameacha mjane, Joan Jebet, watoto, Waithaka na Jepkosgei, mama, Wangechi, dada yake, mimi Wangu ninayewasomea haya, mama mkwe, ambaye sasa anaijua London vizuri, na Mzee Ogola, mwalimu wake. Tutamkosa sana. Mimi nitamkosa kila nikikaa.

Tulibishana wiki nzima kuhusu lile neno. Jana jioni Mzee Ogola, ambaye sasa haoni vizuri, aliomba aonyeshwe jeneza kabla Micah hajawekwa ndani. Alipitisha kiganja juu ya sponji polepole, akafika katikati, akasimama. "Hapa patamuuma," akasema. "Nyonga ya kushoto." Alifumua, akakata, akashona upya, akabonyeza tena, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hivyo, ndugu yetu, tumeandika bila kuogopa, na ukilalamika, lalamikia Ogola. Pumzika kwa amani, Micah. Hapaumi tena.